Masega Niliyoyaficha

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hakunipenda tangu siku ya kwanza, na mimi sikuchelewa kumrudishia. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za gari letu hudhani ugomvi ulianzia kwenye gari. Ulianzia bomani, siku tuliyofunga ndoa. Mimi ni binti wa Kilutheri niliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge upande wa Pongwe, na mume wangu ni mtoto wa watu wa Mwera waliohamia Mabawa, Waislamu toka enzi za mababu zao. Shemeji alikuja amevaa kanzu aliyoishona mwenyewe, maana ni fundi cherehani na mkono wake unajulikana mjini. Akasaini kama shahidi. Tulipotoka nje akamwambia mume wangu, nami nimesimama pale pale, "Umekosa wanawake mji mzima mpaka ukachukue wa kambini?"

Mume wangu alicheka kwa aibu. Mimi sikucheka, na sikusahau.

Baba yangu alikuwa fundi wa matrekta ya shamba, na mimi nikafuata njia yake. Nilisoma ufundi wa magari chuoni, nikafanya kazi gereji miaka miwili. Wateja walikuwa wakiniona nimeshika spana, mikono myeusi kwa oili, halafu wananiuliza fundi yuko wapi. Nikachoka, nikahamia kwenye duka la vipuri mjini, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo gari nalijua. Nalijua kuliko ukoo mzima wa mume wangu ukiwakusanya pamoja, na nilihakikisha wanalifahamu hilo.

Masega, kwa asiyeyajua, ni kile kipande kilichofungwa katikati ya bomba la ekzosi chini ya gari. Ndani yake mna kitu kama jiwe jepesi lenye vitundu vidogo vidogo mithili ya sega la nyuki. Moshi wa injini unapita humo unapunguzwa sumu kabla haujatoka nje. Kwetu watu wanaamini kwamba ukiyatoa masega gari linakuwa jepesi, linavuta, linakula mafuta kidogo. Kila wiki mtu anasimama kaunta kwangu kuniuliza, na kila wiki namjibu yale yale: masega mazima hayamzuii mtu kitu. Ukiyatoa utapata kelele, utapata harufu, na taa ya injini itakuwakia usoni kila siku. Hizo kelele ndizo mnazozidhania nguvu.

Jibu hilo nilimpa shemeji pia, siku ya Idd, watu wamekaa mkekani wanakula pilau. Gari letu lilikuwa limeanza kuwa zito tangu masika. Kwenye kilima kidogo tu linaguna. Mume wangu hakuwepo, kazi yake iko Mtwara na anakuja nyumbani kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo gari naliendesha mimi, namsafirisha mama mkwe, na mara moja moja shemeji analiazima. Akasema pale mkekani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri, "Hiyo gari itolewe masega tu. Itapaa."

Nikamwambia, "Shemeji, wewe shona kanzu. Mambo ya injini niachie mimi wa kambini."

Watu wakacheka. Mama mkwe naye akaficha mdomo kwa mtandio. Shemeji akanawa mikono kabla hajamaliza sahani yake.

Wiki mbili baadaye akaliazima gari kupeleka sare za shule Muheza. Jioni nilimsikia anarudi kabla sijamwona. Sauti ilikuwa ya trekta. Watoto wa jirani walitoka mbio kutazama. Akaegesha uani, akazima, akanitupia ufunguo.

"Nimekufanyia hisani," akasema. "Nimepita kwa fundi Pongwe, masega yametoka. Sasa una gari."

"Nani alikutuma?"

"Nimeomba ruhusa kwa mdogo wangu kwa simu."

"Mdogo wako yuko Mtwara. Anayeliendesha gari ni mimi. Ungeweza kuniuliza mimi."

"Nikuulize wewe ili unicheke mbele za watu tena?"

Nilimwita mjinga. Nilimwambia kwamba hata cherehani yake nisingemruhusu aifungue. Mama mkwe alitoka jikoni, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Sauti zenu zinafika msikitini." Shemeji alipokuwa anatoka akatema mate karibu na tairi. Au karibu na mguu wangu. Mpaka leo sijui.

Asubuhi nikaliwasha kwenda kazini. Hapa nilipata pigo la kwanza. Gari lilivuta. Lile zito la miezi yote lilikuwa limeondoka. Nikigusa mafuta kidogo linanyanyuka, kama mtu aliyevuliwa mzigo mgongoni. Kelele zilikuwa za fedheha na moshi ulinuka mpaka ndani, lakini lilivuta, na mimi nilikuwa peke yangu mle ndani nikiuma meno.

Jioni shemeji alikuwa kibarazani ananisubiri. "Enhe?"

"Hakuna tofauti," nikasema. "Kelele tu."

Nilimdanganya nikimtazama machoni.

Jumamosi nikaenda Pongwe kwa yule fundi. Nilitaka niyaone masega kwa macho yangu. Nilikuwa na hakika ni mazima, na kwamba wepesi nilioupata ulikuwa na sababu nyingine nitakayoijua. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mpole, hakuwa na haraka. Akayatoa nyuma ya pipa, akanikabidhi.

Kuyapima masega hakuhitaji kompyuta. Unayainua juani, unachungulia upande mmoja. Ukiona mwanga kwenye vile vitundu, ni mazima. Nikayainua juu kwa mikono miwili, nikafumba jicho moja. Giza. Nikayageuza. Pembeni kulikuwa na mwanga kidogo kama wa tundu la sindano, kwingine kote vitundu vilikuwa vimeyeyuka na kushikana, vimekuwa bonge moja la kijivu.

"Yalikuwa yameziba, dada," fundi akasema. "Injini ilikuwa haipumui. Yule kaka alitaka haraka, sikupata nafasi ya kumweleza. Lakini wewe naona ni mtu wa kazi. Tafuta kilichoyaziba."

Hakuhitaji kuniambia. Masega hayayeyuki yenyewe. Yanayeyuka kwa sababu mafuta ambayo hayakuungua kwenye injini yanafika huko yakiwa mabichi, yanawakia humo humo. Na mafuta hayaungui kwa sababu plagi mojawapo haipati moto sawasawa. Maana yake koili ya gari letu, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wake, ilikuwa inakufa. Lilikuwa linamisi taratibu, yaani linaruka moto, pengine tangu masika, na mimi mtaalamu wa ukoo nilikuwa nimebadilisha chujio la hewa nikadhani nimemaliza.

Kwa hiyo shemeji alikuwa amepatia nusu. Kwa masega yaliyoziba, kuyatoa kulilirudishia gari nguvu zake. Kasoro yake ni kwamba alitoa kidonda akaacha ugonjwa. Mtu mwenye moyo safi angerudi nyumbani akamwambia, shemeji, hapa ulipatia, na hapa bado, tubadilishe koili.

Mimi niliyafunga masega kwenye mfuko wa sukari, nikayaficha stoo ya dukani nyuma ya makopo ya oili.

Nataka niseme kwa nini, bila kujipamba. Koili ilikuwepo dukani kwetu, rafu ya tatu. Ningeifunga mwenyewe kwa nusu saa. Lakini nilijua kitakachotokea. Gari lingetulia, lingepaa kweli kweli, na shemeji angezunguka Mabawa nzima akisema ni masega. Nikiiacha, siku moja litaanza kusumbua, na kila mtu atasema limeharibiwa na yeye aliyetoa masega. Nilichohitaji ni kusubiri tu. Gari kumisi kidogo, nikajiambia, halimuui mtu.

Nikaanza kampeni. Mama mkwe akilalamika harufu, namwambia, "Mwulize mwanao mkubwa." Mume wangu akipiga simu kuuliza ile taa ya injini, ambayo tangu siku ile ilikuwa inawaka muda wote, namwambia ni kazi ya kaka yake. Na kweli ile taa iliwashwa na kutolewa masega, lakini sasa kwa kuwa ilikuwa inawaka daima haikuweza kuniambia lolote jipya. Gari likianza kutetemeka kwenye foleni ya taa, nilifurahi. Nakumbuka siku nilimpeleka mama mkwe hospitali na gari likatingishika kama linakohoa, akauliza, "Hili vipi tena?" na nikaona raha kifuani, raha kamili, kama mtu anayekunywa maji ya baridi.

Shemeji alibanwa. Ndugu walimsema. Mama yake alimwambia mbele yangu kwamba amezoea kuingilia visivyomhusu. Aliniangalia, akasema, "Lilikuwa linavuta au halikuvuta? Sema kweli."

"Halikuvuta," nikajibu.

Dada mkubwa wa mama mkwe alifariki mwaka huo kule Mwera. Mazikoni walikwenda na basi lililokodiwa. Ilipofika arobaini yake mama mkwe akasema hawezi basi, miguu imevimba, nimpeleke mimi. Shemeji akaja pia, kwa sababu ni kijana wake mkubwa na ndiye atakayesimama kwenye hitima. Tuliondoka asubuhi, mama mkwe mbele, shemeji nyuma pamoja na sufuria mbili kubwa na gunia la mchele. Toka Tanga mpaka Pangani hatukusemeshana. Mama mkwe alisoma nyiradi zake. Gari lilikuwa linatetemeka tangu tulipopita nusu ya njia, na safari hii sikuona raha. Mzigo ulikuwa mkubwa, jua kali, na mimi nilianza kulisikiliza lile gari kwa namna nyingine.

Kwenda Mwera lazima uvuke mto Pangani kwa pantoni. Upande wa pili ni Bweni, na ukishuka tu unakutana na mwinuko. Tulikuwa gari la tatu kushuka. Nyuma yetu kulikuwa na lori la matofali, pikipiki, na watu wa miguu wengi na vikapu vyao, wanapita pembeni na nyuma yetu.

Nikakanyaga mafuta. Gari likapanda hatua chache, likaanza kutapatapa. Likaguna, likashtuka mara tatu, likazima. Hapo hapo likaanza kurudi nyuma. Injini ikizima breki inakuwa ngumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, nikavuta hendibreki mpaka juu. Ilikuwa imelegea, na hilo nilikuwa nalijua. Gari lilipungua mwendo lakini halikusimama. Kwenye kioo nikaona mama mmoja amebeba mtoto mgongoni, amesimama katikati, hajui akimbilie wapi. Mama mkwe alikuwa anaita jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Nilisikia mlango wa nyuma unafunguka. Shemeji aliruka na kanzu yake nyeupe, akaokota jiwe kando ya barabara, akalisukuma chini ya tairi. Gari likalipanda kidogo, likasimama. Halafu nikasikia analia. Sikudhani mtu mzima yule ana kilio cha namna ile.

Jiwe lilikuwa limezunguka na kumbana mkono. Watu walilisukuma gari mbele kidogo wakamtoa. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimepondeka. Damu ilimwagika kwenye kanzu mpaka magotini. Mwenye pikipiki alimpakia akamrudisha kwenye pantoni, wakavuka kwenda hospitali Pangani mjini. Hakunitazama.

Mama mkwe alikaa juu ya gunia la mchele kando ya barabara, amejifunika uso. Nikafungua boneti kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Dereva wa lori akaja, akasikiliza nilipojaribu kuliwasha, akasema, "Koili hii, dada. Hii imekufa siku nyingi. Hamkuisikia?"

Nikasema hatukuisikia.

Hitima ilisomwa bila sisi kufika kwa wakati. Jioni shemeji aliletwa Mwera, mkono umefungwa bandeji nene mpaka kwenye kifundo. Alikaa peke yake kwenye kiti uani kwa marehemu, wanaume wengine wakiwa wamekwenda kuswali. Nikamfuata. Sikuwa nimeamua kusema. Nilikuwa nimempelekea chai.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa." Hakukichukua kikombe. "Furahi basi. Masega yangu yameharibu gari. Umeshinda."

Nikakiweka kikombe chini. "Sio masega," nikasema. "Ni koili. Na nilijua."

Akageuka taratibu. "Ulijua nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kwenda Pongwe, kuyainua juani, giza nililoliona, mfuko wa sukari, koili iliyokuwa rafu ya tatu. Nilimwambia kwamba gari lilivuta ile asubuhi ya kwanza, na kwamba nilimdanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia anitukane, na nilikuwa tayari, nadhani nilitaka.

"Mama yangu alikuwa amekaa mbele," akasema.

"Najua."

"Yule mwanamke na mtoto wake pale nyuma."

"Najua, shemeji."

"Usiniite shemeji. Ondoka mbele yangu."

Kidole cha kati kilipona. Cha shahada kilikatwa kwenye kiungo cha kwanza, na kile kilichobaki hakikunjiki. Kwa miezi mingi hakushona. Alipoanza tena alishona sare na mapazia. Ile kazi ya darizi kwenye kola za kanzu, iliyompa jina, ikamshinda. Watu walimhurumia na kunilaumu kidogo tu, kama dereva, kwa hendibreki. Lile jingine, la koili, shemeji hakumwambia mtu yeyote. Nilisubiri. Kila ndugu alipokuja nilidhani leo limefika. Halikufika. Nilianza kumchukia zaidi kwa hilo, kwa kunyamaza kwake, kwa sababu sikujua analiweka la nini.

Gari nililitengeneza mwenyewe. Koili mpya, plagi mpya, hendibreki. Nikaliendesha wiki tatu bila masega, nikalipeleka mpaka Bweni, nikaupanda ule mwinuko. Halafu nikatafuta masega mazima yaliyotumika, nikamwambia yule fundi wa Pongwe ayachomelee, nikarudi Bweni nikaupanda tena. Lilipanda vile vile. Injini ikiwa nzima sikuona tofauti yoyote ila ukimya na hewa safi ndani ya gari. Jibu langu la kaunta lilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa masega mazima. Nilikaa kule juu nimezima gari, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mume wangu aliporudi likizo nilimweleza yeye kwanza. Alitoka akalala kwa rafiki yake siku mbili. Aliporudi alisema mama lazima asikie, na asikie kutoka kwangu. Tukakaa sebuleni Mabawa baada ya chakula cha mchana, shemeji naye ameitwa. Nikamwambia mama mkwe. Nilipomaliza hakuniangalia mimi, alimwangalia mwanawe mkubwa.

"Na wewe ulikuwa unajua haya?"

"Nilijua, mama. Aliniambia Mwera."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unaumwa. Ulikuwa umetoka kumzika dada yako. Nikwambie nini?"

Mama mkwe alisema kwamba yeye alidhani amezaa watoto na ameoza watoto, kumbe anakaa na watu wanaowindana na yeye wakamweka katikati. Alisema hataki kupanda lile gari tena, na hajalipanda. Mimi ananipikia, ananiitikia shikamoo yangu, lakini hajaniita tena "mwanangu".

Shemeji alipoinuka kuondoka nilimfuata mpaka barazani. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno, yakatoka vibaya, nikajikuta namwambia pia kwamba hakuwa na haki ya kulichukua gari langu kulikata chini bila kuniuliza, na kwamba neno lake la bomani sijalisamehe.

"Hayo yote kweli," akasema. "Nilikosa. Haya, nimekubali."

"Basi tuko sawa?"

Alikuwa anavaa viatu, anahangaika na kamba kwa ule mkono. Sikumsaidia, nilijua asingekubali.

"Hatuko sawa," akasema, akashuka ngazi.